Mbao Zako na Misumari Yetu

Solange wangu,

Mko nje mnabomoa chumba chako, wewe na Papa Deo, nami nimejifungia jikoni nikisema natazama mboga ya sombe. Sombe iliiva zamani. Nasikia msumari unavyolia ukitoka kwenye ubao, nasikia ubao unavyoangukia wenzake, kisha sauti yako: "Huu ni wangu. Na huu. Ule hapana, rudisha." Tangu asubuhi hatujazungumza kitu kingine isipokuwa mbao. Kesho Fuso litakuja kukuchukua wewe na kuta zako kwenda Bunagana, na mimi sijakuambia neno hata moja la maana. Ndiyo sababu naandika.

Sitakuambia ujifunike vizuri barabarani wala namna ya kuongea na watu wa bariyeri. Njia hiyo umeipita juu ya magunia ya makala, makaa yako ya kuuza, mara nyingi kuliko mimi. Mambo ya namna hiyo wewe ndiye ungenifundisha. Nataka kukuambia habari ya kugawana, kwa sababu ndiyo niliyoshindwa nayo, na naona unaibeba kwenda nayo huko bila kujua.

Lakini kwanza uniache niseme kitu ambacho hupendi kukisikia. Nimeolewa, Solange. Kwa umri huu, na magoti haya! Asubuhi Deo ananichemshia maji kabla sijaamka, anasimama mlangoni na kusema, "Konsolata, maji yako." Hakuna aliyeniita Konsolata tangu mama yangu afe. Nilikuwa Mama Solange, nilikuwa mjane, nilikuwa yule anayefulia watu nguo. Akirudi kutoka kazi yake ya kutengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na vumbi la mbao kwenye nyusi zake, moyo wangu unaruka kama wa msichana wa sekondari aliyepitishiwa karatasi darasani. Juzi alinichongea mwiko wenye mpini uliopinda kama shingo ya ndege, eti kwa sababu nilisema mkono unauma nikisonga ugali. Mwiko tu! Niliubusu. Aliniona nikiubusu, akatoka nje kwa haya, mwanaume mzima mwenye mvi.

Nalala nikicheka. Halafu nakumbuka kwamba uko upande wa pili wa ukuta, kwamba ukuta ni ubao mmoja tu, na ubao huo uliununua wewe. Naona aibu. Lakini aibu hiyo haikiui kicheko, na hapo ndipo ninapoteseka. Ingekuwa huzuni tupu ningejua pa kuiweka, nimeizoea. Hii ya kupendwa na kukupoteza katika majira yale yale sijawahi kufundishwa.

Kesho gari litapita Kalengera. Ukishapita soko, tazama upande wa kulia. Utaona nyumba yenye veranda ya mawe na mti wa parachichi pembeni. Ulizaliwa humo. Baba yako alikuwa mtu mwema, usiruhusu mtu akuambie vingine. Kiwanja kilikuwa cha babu yako. Manjanja, mabati ya paa, niliyanunua mimi, kwa viazi nilivyobeba mgongoni nikiwa na mimba yako. Udongo wa kuta niliukanyaga mimi, mpaka magoti. Na hatukusema hata siku moja nani ameleta nini. Nilidhani kuhesabiana ni kazi ya watu wasiopendana. Kama baba yako angeniuliza, ningemwambia nyamaza, mume wangu, tutaanzaje kupimana?

Alipokufa, ndugu zake walikaa uani na kuongea kwa adabu kabisa. Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana, ningepata cha kujibu. Baba yako mkubwa alinishika mkono akasema, "Shemeji, tunajua ulimusaidia sana ndugu yetu. Mungu akubariki kwa ule musaada."

Msaada! Manjanja yangu yalikuwa msaada. Magoti yangu kwenye udongo yalikuwa msaada. Nilijifunza siku ile kwamba mtu akishaitwa msaidizi, ameshatolewa nyumbani. Kilichobaki ni kumshukuru na kumfungulia mlango. Tulitoka na godoro na sufuria, wewe ukiwa na mkoba wako wa shule ya msingi, ukiuliza kwa nini hatufungi mlango. Sikuwa na ufunguo tena, mwanangu. Ndiyo sababu hatukufunga.

Nilijua neno lile linavyochoma. Kwa hiyo jiulize, kama ninavyojiuliza hapa mbele ya sufuria iliyopoa, lilipitaje kinywani mwangu mwenyewe.

Unakumbuka kiwanja hiki cha Katoyi kilivyokuwa. Jiwe la volkano tupu, limesimama juu kama meno, hata mbuzi hakulala hapo. Ndiyo maana yule mama mzee mwenye kiwanja aliniachia nilipe kidogo kidogo. Nililipa mimi, kwa kufua, na ninasema hivyo bila kona. Lakini wewe ndiye uliyekifanya kiwe mahali pa kulala watu. Ulikuwa umekaa nyumbani kwa kukosa minerval, ada ya shule, wenzako wakipita na sare zao, na wewe ukaazima nyundo na mtaimbo ukaanza kuvunja. Mawe makubwa ukayapanga yakawa ukuta wa ua. Madogo ukayamwaga chini, ukayakanyaga yakatulia. Usiku nilikupaka mafuta ya mawese kwenye viganja, nawe ulikuwa umeshasinzia umekaa.

Kisha ukaanza makala. Kila ulipomaliza kuuza gunia uliingia uani na ubao begani, mara nyingine mbili. Ukaupaka mafuta machafu ya gari ili usiliwe na mchwa. Ulinuka gereji mpaka kanisani, vijana wa kwaya wakakuita Fundi Motere, ukacheka nao na kuendelea kuimba. Chumba chako cha nyuma ulikisimamisha peke yako. Mimi nilishika ngazi tu.

Halafu ikaja ile siku ya arusi waliyokuja watu wa Deo.

Unajua mwanaume anayehamia kwa mwanamke wanavyomcheka hapa. Walikuwa wameshaanza. Yule muzee aliyekuwa akiwasemea aliinuka, akakohoa, akasema, "Tuulize bila ubaya. Hapa mahali mutoto wetu anaingia, ni pa nani?" Vijana wakaguna. Nikamwona Deo ameinamisha macho kwenye viatu vyake, viatu alivyovipaka rangi kwa ajili yangu, nami nikashindwa kuvumilia. Bibi arusi haongei, najua. Nilisimama nikaongea. "Ni pangu," nikasema, "nilipajenga kwa jasho langu, na kuanzia leo ni petu sisi wawili." Wakashangilia. Vigelegele vikaanza, na mimi, nikiwa nimelewa kwa furaha ile, nikaongeza kwa kukukumbuka, kwa kukusifu, hivyo ndivyo nilivyodhani: "Na mutoto wangu alinisaidia sana!"

Ulikuwa umebeba sinia la soda. Chupa ziligongana mara moja. Ukaliweka sinia mezani, ukamfungulia kila mgeni chupa yake, hukumruka hata mmoja.

Kisha siku moja nikasema jina la Deo liandikwe pamoja na langu kwenye karatasi ya kiwanja. Ulikuwa unaosha miguu. Ulisema bila kuinua kichwa, "Mama, na mimi niko wapi mu ile nyumba?"

"Weye ni mutoto wangu," nikakujibu. "Nikikufa, vyote ni vyako."

"Sikupondaka mawe nikingojea ufe."

Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu ambalo halikuwa habari ya mbao. Nimelala nalo kila usiku, kati yangu na mwanaume ninayempenda.

Uliposema unaondoka, nilikimbilia kurekebisha, kama mtu anayekimbilia maji nyumba ikiwa imeshaanguka. Nikawakalisha wewe na Deo mezani na kusema tugawane sawasawa, theluthi kwa kila mmoja, ili pasiwe na malalamiko. Nilijiona mwenye hekima sana. Nilitabasamu. Deo ndiye aliyesukuma sahani yake.

"Sawasawa? Hapana, Konsolata. Mie nilikuja na kitanda, na manjanja ya chumba cha mbele, na hii mikono. Huyu mutoto alikuja na nyumba. Ukinipa sawa na yeye, unanifanya mwizi."

Ulimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu arusi. "Papa Deo, weye hauna kosa."

"Ninalo," akasema. "Nilisikia vile mama yako alisema siku ile, na ilinipendeza. Nilinyamaza juu ilinipendeza."

Nilimpenda zaidi kwa neno hilo, na nilitaka kufa kwa aibu kwamba halikutoka kwangu. Tangu hapo ndiye aliyeniongoza. Tulitenga kwa alicholeta kila mmoja. Ardhi niliyoilipia, yangu. Manjanja ya mbele, yake. Mbao zote za chumba cha nyuma, zako. Za mbele ni mchanganyiko, kwa hiyo mtu aseme anazozikumbuka. Hata yale manjanja ya zamani yenye kutu juu ya kitanda chako, yako. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, tukaanza hata kutaniana, ukamwambia Deo misumari yake inapinda kama miguu ya muzee.

Ndipo akauliza, "Na kazi ya mawe?"

Ubao unaweza kuubeba. Lakini siku zile zako zote zimo chini ya sakafu, chini ya kitanda chetu, chini ya jiko hili ambapo nimekanyaga sasa hivi. Nani atazichimbua? Nikisema nikupe sufuria zangu zote na vikwembe vyangu, vile vitenge vya arusi, ni kukudharau. Deo akasema ile sehemu ya nyuma ya kiwanja iwe yako, iandikwe hivyo. Halafu ukainuka.

"Mawe muache," ukasema. "Mutakuwa munayakanyaga."

Hukusema kwa hasira. Ungesema kwa hasira ningekufuata mlangoni.

Leo tangu asubuhi ninaona kitu kinachoenda kwa haki kabisa, na sijawahi kuona kitu kinachofanana hivi na msiba. Nilidhani kila mtu akipata chake, utabaki. Kila mtu amepata chake, nawe unaondoka nacho. Jirani yetu Mama Riziki amechungulia juu ya ukuta wako wa mawe akapiga kelele, "Eh, bibi arusi! Nyumba yako imeng'oka meno?" Nikamjibu, "Inaota mapya, mama, nenda ukapike!" Akacheka, nikacheka, nikarudi ndani nikakaa chini sakafuni.

Naweza kukupa nilichokiona tu, ukiweke kwenye mzigo au ukitupe Rutshuru.

Rafiki yako Neema ana nafasi pale Bunagana karibu na duane, pale forodhani, dada yake ana sufuria, wewe unaleta mbao, na mnataka kufungua malewa, mgahawa wenu, mlishe madereva. Nimewasikia kwenye simu mnavyocheka. "Tutaelewana tu," Neema anasema, na wewe unasema, "Tutaelewana." Nilitaka kukunyang'anya simu. Kaeni chini wakati bado mnacheka. Semeni kwa sauti nani ameleta nini, kabla ya sahani ya kwanza ya maharagwe kutoka. Mimi nilingoja, na ilipofika siku ya kusema, wa kunisikia alikuwa amelala kwenye sanduku.

Na najua nani ataamka kuwasha moto. Ni wewe. Utaamka bila kuambiwa, kama ulivyovunja mawe bila kuambiwa, na baada ya muda wataona moto unawaka wenyewe tu kila asubuhi. Kuamka kwako kuwe na jina na nafasi kwenye mgawo. Siku ukisikia mmoja anamwambia mteja, "Solange anatusaidia," weka mwiko chini hapo hapo umsahihishe, hata kama ni Neema, hata kama anakusifu. Mimi nilikuwa nakusifu.

Mtu akisema sawasawa, mtazame. Mara nyingi anayelisema ni yule aliyefika jana, au ni mtu kama mimi aliyechoka na kutaka mambo yaishe. Na hasara nayo ina wenyewe. Mvua ikichukua paa, duane wakifunga mpaka, maharagwe yakachacha, anayekula zaidi na aumie zaidi. Msikubali mmoja awe wa faida na mwingine wa matengenezo. Na wewe pia, mwanangu, usiwe mgumu kwa yule atakayekuja baadaye mikono mitupu. Deo alikuja hivyo, karibu mitupu, na ndiye peke yake kati yetu aliyejua kusema ukweli mezani.

Nimeyaandika haya yote na sijui yatazuia nini. Nilikuwa nayajua, nilikuwa nimefukuzwa nayo Kalengera, na bado ilitosha siku moja ya furaha niyasahau mbele ya watu. Kama mama aliyeumizwa na neno anaweza kumpa binti yake neno lile lile na sinia la soda juu yake, basi sijui ushauri ni wa nini. Pengine ni wa kukufanya ujue tu kwamba niliona. Nilichelewa, lakini niliona.

Sehemu ya nyuma haitajengwa. Deo alikuwa amewaza kuhamishia huko kazi yake ya chukudu. Ameacha mwenyewe, sikumwomba. Nimetundika kikwembe changu cha arusi pale palipokuwa mlango wako, kwa sababu upepo wa ziwa unaingia moja kwa moja. Kinapepea na nyuma yake kuna mawe yako, yamesawazika vizuri, yanaonekana kwa mara ya kwanza tangu uyafunike.

Sasa hivi umekuja mlangoni. Nilificha karatasi chini ya ungo. Ulikuwa na mbao tatu mikononi, nyeusi tii kwa mafuta.

"Mama, hizi ni zako," ukasema. "Ulizinunua ule mwaka nilikuwa mugonjwa."

"Zichukue tu, sheri."

"Hapana. Si zangu."

Ukaziegemeza ukutani kwa uangalifu, zisiniangukie, ukarudi kwenye kazi. Nimezitazama mpaka macho yamechoka. Ningefurahi kama ungeniibia hata moja, Solange. Ningejua kwamba bado unaona kitu changu kuwa chako. Lakini nilikufundisha vizuri bila kutaka, na wewe hutaondoka na kitu cha mtu.

Basi sikiliza nilichofanya. Deo amekuwa akitupa misumari iliyopinda kwenye mkebe wa maziwa, na mimi nimekuwa nikiinyoosha kwa jiwe katikati ya mistari hii. Ukiona alama za kutu kwenye karatasi, ndiyo hiyo. Ni misumari ya chumba chako. Mwanzoni ilikuwa yako tu. Kisha nikaenda chumba cha mbele Deo alipokuwa nje, nikang'oa ya kwangu, ya rafu yangu, ya ule ukuta wa kitanda ambao umekuwa ukisikia kicheko changu. Nimeinyoosha, nimeimimina juu ya yako, nimetikisa mkebe. Yote ina kutu moja. Nimeshajaribu kuitenganisha ili nione kama utaweza. Huwezi.

Karatasi hii naiweka juu yake, nafunga mkebe kwa kitambaa. Utaufungua Bunagana utakapotaka kusimamisha ukuta. Usirudishe hata mmoja. Pigilia tu.

Mama yako,
Konsolata